Tumbo la hedhi hutibiwa kabla ya siku zake

Swali ninaloulizwa na wasichana kuliko mengine yote ni hili: "Dokta, tumbo la hedhi likinishika nifanye zoezi gani litulie?" Zoezi lipo, na nitalieleza hapa mbele. Lakini nguvu kubwa ya mazoezi haiko siku hiyo. Iko katika zile wiki tatu ambazo tumbo haliumi na mwenyewe ameshasahau kwamba liliuma. Msichana anayetembea kwa kasi, anayecheza netiboli au ngoma mara tatu kwa wiki, mwezi mzima, huzifikia siku zake mwili wake ukiwa umeandaliwa. Anayeanza kujinyoosha asubuhi ya maumivu huambulia nafuu ndogo. Huo ndio msimamo wangu baada ya miaka mingi ya kazi ya fiziotherapia, na nina la pili: wasichana wetu huondolewa kwenye dawa hii wakati uleule wanapoanza kuihitaji.

Tazama kiwanja chochote cha mtaa jioni. Wasichana wa miaka tisa na kumi wako kwenye rede: wawili wanarushiana mpira wa soksi, wa katikati anakwepa, anaruka, anainama, anapiga kelele. Rudi baada ya miaka minne uwatafute walewale. Wamevunja ungo, na tangu walipovunja ungo hawaonekani tena kiwanjani. Mmoja kaambiwa sasa ni mtu mzima, mwingine anaogopa kuchafua sketi, mwingine jioni ni zamu yake jikoni. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizotolewa mwaka 2019, kuhusu vijana wa shule wa miaka 11 hadi 17 duniani kote, zilionyesha kwamba wasichana 85 katika kila 100 hawafikishi ile saa moja ya kuushughulisha mwili kwa siku inayopendekezwa kwa umri wao. Wavulana nao hawafanyi vizuri, ni 78. Tofauti ni kwamba msichana hulipa gharama nyingine juu yake, na huilipa kila mwezi.

Ili kuelewa kwa nini mwendo unasaidia, lazima tujue maumivu yanatoka wapi. Yai likishapevuka, homoni ya projesteroni hupanda na kuuandaa utando wa ndani wa mfuko wa uzazi upokee mimba. Mimba isipotunga, homoni hiyo hushuka, utando huanza kubomoka, na katika kubomoka huko humwaga kemikali ziitwazo prostaglandini. Kazi yake ni kuuamuru msuli wa mfuko wa uzazi ujikaze ili utoe damu. Taabu huja zinapozidi. Msuli hujikaza kwa nguvu kupita kiasi na haupumziki vizuri kati ya mkazo mmoja na mwingine, mishipa midogo ya damu inabanwa, na msuli unafanya kazi bila oksijeni ya kutosha. Aliyewahi kukakamaa mguu katikati ya mbio anajua msuli uliojikaza bila kuachia unavyouma. Prostaglandini nyingine huingia kwenye mzunguko wa damu na kufika tumboni na kichwani, ndiyo maana wengine hutapika, huharisha au huumwa kichwa. Wingi wake huwa mkubwa siku mbili za kwanza, kisha hupungua, na maumivu hupungua nayo.

Maelezo haya yanajibu jambo moja linaloleta ugomvi majumbani. Wasichana wengi hawaumwi hedhi za mwanzo. Maumivu huanza miezi sita au mwaka baadaye, na wengine huchelewa zaidi ya hapo. Mama huona mwanawe alianza salama, sasa analia sakafuni, na huanza kumshuku: kafanya nini, kakutana na nani, kala nini, karogwa na nani? Hakufanya kitu. Hedhi za mwanzo mara nyingi huja bila yai kupevuka, kwa hiyo projesteroni haipandi wala haishuki. Mayai yakianza kupevuka kwa utaratibu, ndipo prostaglandini zinapoanza kumwagwa kwa wingi. Maumivu haya ni dalili ya mwili unaokomaa, na binti anayeumwa anastahili kuhurumiwa, wala si kuhojiwa.

Juu ya maumivu hayo huja tabaka la pili, ambalo ndilo ninalokutana nalo kila siku mkononi mwangu. Mwili unaoumwa hujilinda. Msichana hujikunja, hupandisha mabega, hubana pumzi, na misuli ya tumbo, kiuno na nyonga hukaza pamoja na ule wa ndani. Baada ya saa tatu za kujikunja hivyo, sehemu ya maumivu inatoka kwenye misuli hii ya nje. Kisha huja hofu. Mwezi unaofuata anaanza kuogopa siku mbili kabla, halali vizuri, na mishipa ya fahamu iliyokesha na hofu huyapokea maumivu kwa ukali zaidi.

Mazoezi ya mara kwa mara hugusa matabaka yote mawili. Mwendo unaoharakisha mapigo ya moyo hudhaniwa kuongeza damu inayofika kwenye nyonga, huufanya mwili utengeneze endorfini, ambazo ni dawa zake wenyewe za maumivu, hushusha homoni za msongo na huleta usingizi. Viungo vya kiuno na nyonga vilivyozoea kuzunguka havikakamai upesi. Mwaka 2019 taasisi ya Cochrane, inayokusanya na kupima tafiti za tiba, ilichapisha tathmini ya majaribio 12 yaliyohusisha wanawake 854. Waliofanya mazoezi kwa dakika 45 hadi 60, mara tatu au zaidi kwa wiki, walipungukiwa na maumivu kwa takriban alama 25 kwenye kipimo cha alama 100, yawe mazoezi mepesi au makali. Ni sawa na kushuka kutoka 70 hadi 45: kutoka kulala chini hadi kukaa darasani. Watathmini wenyewe waliupa ushahidi huo daraja la chini, kwa sababu majaribio mengi yalikuwa madogo na haiwezekani kumficha mtu kwamba anafanya mazoezi. Ninalizingatia hilo. Lakini dawa isiyonunuliwa, inayoimarisha moyo na mifupa hata ikishindwa kutuliza tumbo, haihitaji ushahidi wa chuma ndipo ijaribiwe.

Kitanda na maneno mengine ya kurithi

Dhana kongwe ni kwamba mwenye hedhi alale. Wala haikuanzia kwetu. Mwaka 1873 daktari mmoja wa Boston, Edward Clarke, aliandika kitabu akidai kwamba wasichana wakisoma kwa bidii siku za hedhi wataharibu uzazi wao. Mwanamke mwenzetu, Dk. Mary Putnam Jacobi, alimjibu kwa utafiti. Alikusanya majibu ya wanawake 268, akawapima baadhi yao nguvu na mapigo ya moyo katika nyakati mbalimbali za mwezi, na akahitimisha kwamba hakuna kitu katika asili ya hedhi kinachomlazimisha kupumzika mwanamke ambaye lishe yake iko sawa. Kazi yake ilipata tuzo ya Boylston ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1876. Wakati huo chuo hicho hakikuwapokea wanawake kusomea udaktari.

Nashika yale maneno kuhusu lishe, kwa sababu kwetu yana uzito. Utafiti wa afya wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2015/16 ulikuta karibu wanawake 45 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Msichana mwenye upungufu wa damu ukimwambia akimbie, atachoka ngazi ya kwanza na atajiona mvivu. Kwa hiyo anayetoka damu nyingi, anayehema kwa kazi ndogo, ambaye kope zake kwa ndani ni nyeupe, aanze na kipimo cha damu, na sahani yake iwe na dagaa, maharage na mboga za majani. Mazoezi yafuate.

Dhana ya pili: mazoezi huongeza damu, hulegeza kizazi au huharibu bikira. Kutembea, kucheza mpira na kujinyoosha havitoi damu ambayo haingetoka, na mfuko wa uzazi umeshikwa vizuri ndani ya nyonga, hautikisiki kama nazi mtini. Wanariadha hushindana wakiwa hedhini, na huzaa. Wasiwasi huu wa bikira umewatoa wasichana wengi uwanjani.

Dhana ya tatu, ambayo hunihuzunisha zaidi: "Ukizaa litaisha." Ni kweli kwamba kwa baadhi ya wanawake maumivu hupungua baada ya kuzaa, na kwa wengine hupungua kwa umri tu. Lakini kumwambia hivyo binti wa miaka 16 ni kumwambia asubiri miaka kumi akiumwa, au kumsukuma kwenye mimba ambayo mwili na masomo yake havijawa tayari kuibeba. Mimba haiandikwi kama dawa.

Dhana ya nne: vidonge vya maumivu huua kizazi. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, na kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Ibuprofeni na diklofenaki ni za ukoo huohuo. Zinagusa chanzo chenyewe, ndiyo maana kwa tumbo la hedhi mara nyingi zinashinda Panadol. Kwa kuwa zinazuia kutengenezwa kwa kemikali hizo, anayezimeza mapema, maumivu yanapoanza kubisha hodi, hufaidika kuliko anayesubiri mpaka ashindwe kusimama. Zinywewe baada ya kula, kwa kipimo kilichoandikwa, kwa siku mbili au tatu, na mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo asiziguse kabla ya kumwona daktari. Kizazi haziui. Mimi nafundisha mazoezi na sioni aibu kusema meza kidonge: atakayepata nafuu ya dawa leo ndiye atakayekuwa na nguvu ya kutembea kesho.

Dhana ya tano huletwa na walezi wa kijijini, nayo ina haki yake: "Huyu anateka maji, anakata kuni, mazoezi gani tena?" Anayetembea saa moja kwenda shule na saa moja kurudi tayari anameza sehemu kubwa ya dozi, na simwongezei mbio. Yeye anahitaji kunyoosha mgongo ulioinamia jembe na ufagio, kupumua vizuri na kulala mapema. Binti wa bweni la mjini, anayekaa kwenye dawati tangu asubuhi mpaka maandalio ya usiku, ndiye ambaye dozi yake haipo kabisa.

Mkeka, pumzi na ngoma

Mwaka jana aliletwa kwangu mwanafunzi wa kidato cha tano, kashikwa mkono na mama yake mkubwa. Alikaa ukingoni mwa kiti, kajikunja, kanga kaifunga kiunoni kwa nguvu. "Shikamoo, dokta," alisema kwa sauti ya chini. Mama mkubwa ndiye aliyeeleza: "Hili ni chango la ukoo wetu. Mimi nililala siku tatu kila mwezi mpaka nilipozaa. Nimemwambia avumilie, lakini safari hii kakosa mtihani." Nilimwuliza binti kama kuna mchezo anaocheza. Alikuwa akicheza netiboli, akaacha darasa la saba. Kwa nini? Akamtazama mama yake mkubwa, akainamisha kichwa. Siku moja sketi ilichafuka uwanjani, wavulana wakaona.

Nilitandika mkeka. Nikampigisha magoti, akakalia visigino, kisha akainama mbele mpaka paji la uso likagusa mkeka, magoti yameachana kidogo, mikono imenyooka mbele, kama mtu anayesujudu bila haraka ya kuinuka. Nikaweka kiganja kiunoni kwake. Msuli ulikuwa mgumu kama ubao. "Vuta pumzi, mwanangu, ije mpaka kwenye kiganja changu." Pumzi tatu za kwanza ziliishia kifuani. Ya nne ilishuka. Kwenye ya kumi hivi kiuno kililegea chini ya mkono wangu, na mabega yakafuata. Baada ya hapo alipiga magoti na kuweka mikono chini, akawa anapandisha mgongo kama paka aliyeamka na kuushusha polepole, mara kumi. Mwisho alilala chali, magoti yameinuka, akawa anabingirisha kiuno mbele na nyuma bila kunyanyua makalio. Dakika kumi na tano kwa jumla. Akamalizia kwa kutembea uani, kisha chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga ikawekwa kinenani. Usiidharau chupa hiyo: jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2001 lilikuta kwamba joto la nyuzi 39 hivi, likikaa tumboni kwa saa nyingi, lilifanya kazi sawa na ibuprofeni.

Hiyo ndiyo huduma ya siku ya maumivu. Dawa yenyewe nilimwandikia kwenye daftari. Wiki ya kwanza, siku tatu, dakika 15 za kutembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kila wiki aongeze dakika tano mpaka afike 45. Siku za hedhi apunguze kadiri mwili unavyotaka, ila asiache kabisa. Na kila siku ya hedhi aandike: imeuma kiasi gani kwa namba kutoka sifuri hadi kumi, umemeza vidonge vingapi, umekosa nini. Sihukumu mazoezi kwa mwezi mmoja. Nataka miezi mitatu ya daftari. Bandu bandu huisha gogo, na wengi huacha wakiwa wamebandua mara mbili tu.

Wasiopenda kutembea nawaambia wacheze. Jaribio moja la Misri lililochapishwa mwaka 2019 liliwapa wanawake wenye tumbo la hedhi Zumba kwa wiki nane, na maumivu yao yakapungua kuliko ya wenzao ambao hawakucheza. Niliposoma hilo niliwakumbuka makungwi wetu. Katika unyago, mwali aliyevunja ungo hufundishwa kuzungusha kiuno kwa mlio wa ngoma, na Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, aliheshimiwa kwa ngoma ya unyago kama alivyoheshimiwa kwa taarabu. Sisemi makungwi walikuwa wakitibu tumbo. Shabaha yao ilikuwa ndoa. Lakini mzunguko ule wa nyonga, magoti yamelegea na pumzi imeachiwa, ndio ninaoutafuta kwenye mkeka. Na walifanya jambo ambalo sisi tumeliacha: walimkalisha msichana na kumweleza hedhi kwa maneno yaliyo wazi. Msichana akifunga mlango, akaweka muziki anaoupenda, akacheza dakika 45 na dada zake, amemeza dozi kamili bila kulipia ukumbi wowote.

Kuna maumivu ambayo mkeka wangu hauyawezi. Yaliyo makali tangu hedhi ya kwanza kabisa, yanayozidi mwaka hadi mwaka, yanayokuja nje ya siku za hedhi, yanayochoma wakati wa haja kubwa au ndogo, yanayoambatana na homa au uchafu wenye harufu, pedi inayolowa kila saa, au maumivu yasiyosikia dawa wala mazoezi kwa miezi mitatu: hayo yaende hospitali. Huenda ni endometriosi, ambapo tishu inayofanana na utando wa mfuko wa uzazi huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huwapata wanawake na wasichana kama 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Kipimo cha altrasaundi kinaweza kuonyesha hali safi na ugonjwa ukawepo. Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, amesimulia hadharani jinsi ugonjwa huu ulivyomtesa na kumlazimisha kufanyiwa upasuaji mara kwa mara. Mtangazaji Njambi Koikai wa Kenya alipambana nao mpaka alipofariki mwaka 2024. Binti akisema maumivu yake hayafanani na ya wenzake, aaminiwe.

Kwa wanaoumwa maumivu ya kawaida, wengi kuliko hao, dawa iko ndani ya uwezo wa shule na nyumba. Kipindi cha michezo kilichoandikwa kwenye ratiba kisimezwe na hisabati. Wasichana waruhusiwe bukta ndefu au suruali ya michezo yenye rangi nzito, na wanaojisitiri wapate vazi linalowaruhusu kuruka. Matroni awe na mkeka, chupa ya maji ya moto na pedi za akiba. Pedi ni sehemu ya mazoezi, kwa sababu anayeogopa kuchafuka hakimbii. Kenya iliondoa kodi ya pedi mwaka 2004 na sheria ya mwaka 2017 ikaagiza wanafunzi wapewe bure. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata kwa hoja kwamba bei hazikuwa zimeshuka. Kama wauzaji ndio waliokula nafuu, ilikuwa haki kuwabana wauzaji, na msichana abaki na nafuu yake. Nyumbani, jioni mbili au tatu kwa wiki kaka aoshe vyombo, dada atoke.

Yule binti alirudi baada ya miezi minne, safari hii peke yake. Daftari lilianza na tisa, likaenda nane, likarudi tisa mwezi wa mitihani, likaishia na tano. Bado humeza vidonge viwili siku ya kwanza. Ukurasa wa mwisho, mbele ya maneno "umekosa nini", hakuwa ameandika alichokosa. Aliandika kwamba alicheza nusu ya kwanza, akiwa na suruali nyeusi ya mazoezi, mama yake mkubwa akiwa amekaa pembeni ya uwanja na kanga ya akiba mapajani.